Nilisubiri nyigu, akatoka mdudu wa kijani

Kwenye kibaraza cha nyumbani hapa Morogoro, pale juu ya swichi ya taa, mvua zikianza lazima aje nyigu kujenga. Mweusi, miguu ina njano, na kile kiuno chembamba kama uzi nacho cha njano, yaani watu wakisema kiuno cha nyigu mi namuona yeye. Kitaalamu anaitwa Sceliphron spirifex. Mama akiona ule udongo ananiambia "we bandua hiyo, watakuuma hao", namwambia mama, huyu wala hana ugomvi na mtu, anaishi peke yake hana kundi la kulinda, wanaofukuza watu ni wale wa kiota kama karatasi kinachoning'inia chini ya paa, wale ukiwachokoza kweli utalia.

Kinachoniuma ni vile kila chenye njano na nyeusi kinapigwa kandambili. Giligilani zangu zikitoa maua wanajaa wadudu wa mistari hivyo, na wengi ni nzi! Hesabu mabawa kwanza, nzi ana mawili, nyigu na nyuki wana manne, ila ya nyuma ni madogo na yameshikana na ya mbele kwa hiyo yanadanganya, hapo ndo unaangalia na kichwa: nzi macho yamejaa kichwa karibu chote na vipapasio ni vifupi mno, nyigu vipapasio vyake virefu unaviona bila shida. Yule anayeganda hewani kama helikopta ni nzi, hana mwiba kabisa, hizo rangi ni za kutishia ndege tu, na mabuu wa baadhi yao wanakula vidukari kwenye mboga zako. Sasa unamuua wa nini?

Haya, nirudi kwa nyigu. Mwaka jana fundi rangi alibandua kiota nikakiokota. Chumba kimoja kilikuwa kimepasuka, ndani nikahesabu buibui 11, wadogo wadogo, na hawajafa, ukimgusa mguu unatikisika kidogo. Nyigu jike anamchoma buibui anapooza, anambeba, anajaza chumba na kutaga yai moja humo, anaziba na tope, basi buu likianguliwa linakuta nyama haijaoza. Mama mtu mwenyewe anakunywa utamu wa maua tu. Nilikaa na hao buibui mkononi muda mrefu sana, nikiwaza mdudu mdogo hivi kajuaje yote haya.

Vyumba vilivyobaki nikaviweka kwenye chupa ya jemu, nikafunga na kipande cha chandarua, nikasubiri. Wiki ya tatu nasikia kitu kinakwaruza, nikajua nyigu wangu huyo, nacheki nakuta mdudu wa kijani kibichi anayeng'aa kama bati jipya, ukimgeuza anakuwa bluu, mgongo una vishimo vishimo kama umepigwa msumari. Nikamgusa na kijiti, akajikunja duara kabisa kama kipunje! Tumbo lake kwa chini limebonyea ndani, ndo maana anaweza kujikunja vile, na gamba ni gumu, nyigu mwenye kiota hata akimfumania akamchoma mwiba haupenyi kirahisi.

Nikampiga picha mgongo, ubavu, uso na mabawa (fanyeni asubuhi kukiwa na baridi, hawarukiruki, na mishipa ya bawa wataalamu wanaihitaji sana), nikaweka iNaturalist, ule mtandao watu wanakusaidia kutambua wadudu na mimea, nikajibiwa ni Stilbum, kundi la Chrysididae. Naye ni nyigu kumbe! Kazi yake kutaga kwenye nyumba za wenzake, na buu wake anamla mtoto mwenye nyumba humo humo.

Nilimwachia kwenye maua ya giligilani akapotea. Vyumba vinne bado havijatobolewa, na chupa nimeiweka dirishani jikoni, mama naye siku hizi akipita anaichungulia.