Nimeosha rejeta mwenyewe, hapa hapa Fuoni

Wenzangu mnaojazia rejeta, yaani kile kifaa cha kupozea maji ya injini, maji ya kisima, nakuombeni sana msome hapa. Gari yangu ilikuwa ikichemsha kila nikikaa foleni ya Mwanakwerekwe na kiyoyozi kimewashwa. Juzi asubuhi, injini imepoa kabisa, nikafungua kizibo cha chini cha rejeta. Subhanallah! Yakatoka maji mazito, rangi ya kutu, na ndani ya beseni vikabaki vipande vyeupe vya chokaa. Unguja hii tunakaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yetu yamejaa chokaa, nayo huganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta, joto likakosa pa kutokea.

Nikajaza maji safi, nikawasha injini na hita nikaiweka moto wa mwisho, ili maji yazunguke mpaka huko. Shika mpira wa juu wa rejeta: mwanzo ni baridi, thamostati (kilango kinachofunguka maji yakishapata moto) ikifunguka unapata moto ghafla. Nikazima, nikangoja ipoe, nikamwaga. Nikarudia mpaka yakatoka safi. Kisha nikatia kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) nusu, maji ya betri yasiyo na asidi nusu. Sindano ya joto kwenye dashibodi sasa haipandi.

Ila kulanti ni sumu, na ina utamu, paka na watoto huweza kuilamba. Yale machafu niliyoyamwaga niliyatia kwenye dumu nikalifunga. Kulanti msiimwage karibu na kisima. Na mfuniko wa rejeta msiuguse injini ikiwa ya moto, mvuke ule unababua uso.