Siku Moja na Baba Anayesubiri Meli

Saa kumi alfajiri niliamshwa na mlio wa komeo likitikiswa. Baba alikuwa amesimama mlangoni, koti juu ya nguo za kulalia na kiatu mguu mmoja, akitaka afunguliwe awahi bandarini kabla MV Victoria haijang'oa nanga. Alikuwa karani wa mizigo hapa Kisumu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli hiyo ilibaki upande wa Tanzania. Zamani ningemweleza hayo yote, naye angehuzunika kana kwamba habari hiyo imemfikia asubuhi hiyo hiyo. Siku hizi namwambia, "Baba, honi haijalia, kunywa chai kwanza," naye huketi.

Saa kumi na mbili nilimwogesha. Shati huvaa mwenyewe: vidole vyake hutafuta tundu la kifungo, hulipoteza, hulirudia, na nisipomharakisha humaliza vifungo vyote baada ya robo saa, jambo ambalo simnyimi, kwa sababu anachokiweza leo nataka aendelee kukiweza.

Saa moja wifi yangu alifika, nami nikapanda matatu ya Kondele kwenda shuleni ninakofundisha.

Saa saba mchana wifi alipiga simu. Baba alikuwa ametoka uani na kuwalalamikia majirani kwamba hajapewa chakula tangu jana, ilhali sahani ya ugali na omena ilikuwa imeondolewa mezani muda si mrefu. Daktari alitueleza kwamba Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu alio nao baba, huanza kwa kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, ndiyo maana chakula cha mchana hufutika huku magunia ya miaka ya sitini yakibaki. Wapo mtaani wanaosema amerogwa, na wengine kwamba ni uzee tu. Maneno hayo huniuma, kwa kuwa baba ni mgonjwa, na mgonjwa hustahili kutunzwa na kuheshimiwa.

Saa kumi na moja jioni, jua linapoelekea ziwani, ndipo wasiwasi wake huzidi. Niliporudi nilimkuta amefunga shuka zake kwa kamba, akisihi apelekwe nyumbani, naye yumo nyumbani. Sikubishana naye. Niliwasha taa zote, nikamshika mkono, tukatembea polepole hadi kwa wauza samaki na kurudi.

Njiani aliniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani, mama?"

"Wa karani wa bandarini."

Alitabasamu. "Namfahamu vizuri. Hesabu yake ya magunia haikosei hata moja."

Nilishindwa kujibu mpaka tukafika langoni.

Saa tatu usiku nilimfunika blanketi, akanisihi nisiache kumwamsha mapema. Nilificha ufunguo, kisha nikaviweka viatu vyote viwili kando ya kitanda chake, mahali ambapo mkono wake utavifikia gizani.