Mgeni rasmi, ongea na wahitimu bwana

Msimu wa mahafali ya form four ndo huu, mitihani ya Novemba inanukia na kila wikiendi turubai zimefungwa mashuleni. Mi nayapenda sana mahafali, ndo maana inaniuma hotuba ikiua shughuli. Si mnajua ilivyo, risala imesomwa, walimu wa sayansi hawatoshi, maabara haijaisha, uzio hakuna, saa nane hiyo wazazi wana njaa na jua limeshaingia mpaka chini ya turubai, afu mgeni rasmi anasimama anaanza kuwataja waliokaa meza kuu mmoja mmoja wakati MC keshasema itifaki imezingatiwa. Akimaliza hapo watu wote wako kwenye simu.

Ukialikwa nakuomba ruka hayo, toa shikamoo kwa wazee, wahitimu waamshe wakuitikie kwa kelele, afu ongea na wao. Wengi huwa wanaongea na meza kuu, wenye siku yao wamekaa pembeni wanatoka jasho ndani ya majoho.

Mwaka jana nilimuona mama mmoja aliacha karatasi mezani akashuka na maiki mpaka kwenye viti vya wahitimu, akawaambia kila mmoja amtafute kwa macho mtu aliyekuwa anampa nauli ya shule, akimuona asimame ampungie mkono. Weee! Vigelegele kila kona, kuna bibi alikuwa na lile shada la maua ya kung'aa hajapata hata nafasi ya kumvisha mjukuu, akasimama analipeperusha juu huku analia. Baada ya hapo yule mama akasimulia kitu kimoja tu, alivyofeli form four akarudia, na watu kimyaa wanamsikiliza.

Hata Steve Jobs, yule wa Apple, kwenye mahafali ya chuo cha Stanford Marekani 2005 aliwaambia wahitimu mapema kabisa nina hadithi tatu, akazisimulia, kama dakika 15 kamaliza. Msikilizaji akijua safari inaishia wapi anatulia, sio ile ya "kwa kumalizia" afu unaanza upya.

Na ile "changamoto nimezisikia" imewachosha watu jamani. Bilionea Robert F. Smith mwaka 2019 kwenye mahafali ya chuo cha Morehouse, Marekani, alitangaza kwenye hotuba kwamba atalipa mikopo ya wahitimu wale karibu 400, pakalipuka. Wewe sema mifuko 20 ya saruji, Jumatatu asubuhi iko shuleni, mkuu wa shule apokee.