Komwe ya tisa ilipokosa shimo

Shairi langu lilirudishwa na mhariri likiwa na maneno mawili tu pembeni: "Mizani imepwaya." Iliniuma. Sisi watu wa Tanga, kwa kuwa Shaaban Robert alizaliwa huku kwetu, Vibambani, mwaka 1909, hujiona tumezaliwa tunajua kuhesabu mizani, yaani silabi za shairi.

Nikalipeleka kwa mjomba, Ngamiani. Nilimkuta barazani na bao lake. Shikamoo, marahaba, kisha akasema, "Hebu lisome. Kila silabi, tia komwe moja shimoni." Komwe ndizo kete za bao. Bao lina safu nne za mashimo manane, na kipande cha shairi letu, yaani nusu ya mshororo, kina mizani minane. Miaka yote nimelicheza, sikuwahi kuliona hilo.

Mshororo wa kwanza ulienea:

Nimefika baharini, ngalawa zimeondoka,

Wa pili ulianza "Wavuvi hawaonekani". Wa-vu-vi-ha-wa-o-ne-ka... safu imejaa, na komwe ya "ni" bado ninayo mkononi. Kumbe nilipokuwa naghani nilikuwa naimeza silabi moja bila kujijua.

"Kwani unangoja wavuvi wangapi?" mjomba akauliza.

Mmoja tu, kusema kweli.

Mvuvi haonekani, upepo umegeuka,

M ya "mvuvi" inapata shimo lake kwa sababu inatamkika peke yake. Ya "mbuzi" haipati, lakini ya "mbwa" inapata. Hapo nilibisha hadi kahawa ikapoa.

Vina vilikuwa salama: "ni" katikati, "ka" mwishoni. Ila kina cha "ni" ni cha bei rahisi. Ukikwama unatia baharini, nyumbani, sokoni, umemaliza. "Haonekani" ndiyo iliyoniokoa kidogo.

Kazi ilikuwa kwenye kibwagizo:

Ninangoja ufukweni, hadi jua kunichoka.

Nilikuwa nakirudia katika beti zote tano kwa uvivu tu, kila mara kikisema lilelile. Nikafuta mbili, nikazipanga upya tatu zilizobaki. Ubeti wa kwanza ngalawa ndiyo kwanza zimetoka, na jua kunichoka ni utani. Ubeti wa tatu wenzake wamerudi, yeye hayumo. Sikubadilisha hata neno la kibwagizo, lakini nilipokisoma mjomba aliacha kunywa.

Ubeti wa mwisho tuliuhesabu wote: mishororo minne, mizani 64, sawa na komwe za bao kamili. Za mjomba ni 63, moja ilishapotea. "Ka" ya "kunichoka" tukaitilia kifungo cha shati.