Vilima vya Ngong na majina yake

Mtu wa Ngong haangalii simu kujua hali ya hewa. Anatoka nje, anainua macho. Vilele vikiwa vimefunikwa na wingu, nguo hazianikwi, na mwenye safari ya Kiserian anabeba sweta. Nimeishi chini ya vilima hivi tangu shule ya msingi, na sijawahi kuipenda nyumba ambayo madirisha yake yote yamevipa mgongo. Mke wangu hunicheka kwa hilo. Nyumba tunayokaa sasa ina shida ya maji, lakini dirisha la jikoni linaviona vilele vyote, basi nikalipa kodi siku hiyo hiyo.

Wamaasai husimulia kwamba jitu moja lilijikwaa kwenye Kilimanjaro, likaanguka na mkono mbele, na vifundo vya ngumi yake ndivyo vilima hivi. Ukivitazama kutoka mbali unakubali. Ukivipanda ndipo unapoanza kulilaani hilo jitu, maana kila kilele unachofikia ulikuwa umeshaapa ni cha mwisho, na mbele kimekaa kingine kinakungoja. Kirefu kuliko vyote, Lamwia, kina mita 2,460. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Ufa na Magadi, kahawia na joto. Mashariki ni kijani, halafu mabati, halafu maghorofa ya Nairobi. Katikati uko wewe na upepo. Upepo wenyewe ni wa kazi: mitambo ya kwanza ya kuufua umeme ililetwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na leo KenGen, kampuni ya kufua umeme, wana safu nzima ya mapanga meupe yanayozunguka juu ya vichwa vya ng'ombe.

Jumamosi mji wetu huvamiwa. Matatu za 111 zinashusha vijana wa Nairobi wenye viatu vipya na chupa za maji zenye mirija, wanapanga foleni kwenye geti la watu wa misitu, wengine wanaomba kusindikizwa na askari mwenye bunduki. Sina neno nao. Wanakula chapati zetu wakishuka, wanapanda boda zetu. Swali lao ndilo limenifanya niandike leo, maana Jumamosi iliyopita niliulizwa tena, na msichana mwenye adabu kabisa: "Samahani kaka, kaburi la yule Mzungu liko kilele gani?"

Haliko kileleni. Liko kwenye mteremko wa mashariki, upande unaotazama Nairobi, na njia rahisi ni kuzunguka kwa boda. Ni la Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji na rubani, mpenzi wa Karen Blixen, yule Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa huko chini panapoitwa Karen leo. Alikufa tarehe 14 Mei 1931, ndege yake ndogo ilipoanguka na kuungua muda mfupi baada ya kuruka kutoka Voi. Kaka yake baadaye akamjengea mnara wa mawe uliochongoka juu, ukaandikwa jina, miaka ya kuzaliwa na kufa, na mstari wa shairi kuhusu kumpenda binadamu, ndege na mnyama.

Naupenda mnara ule, nisijifanye. Pametulia, na mtu aliyepachagua alikuwa na macho. Lakini kila nikisimama pale nasoma jiwe lote nikitafuta jina ambalo najua halipo. Ndani ya ndege ile walikuwa wawili. Wa pili aliitwa Kamau, Mkikuyu aliyekuwa mtumishi wake, naye alikufa dakika ile ile, kwa moto ule ule. Huyo amebakiziwa jina moja tu, na hata hilo halikuchongwa mahali. Nimewapeleka wageni pale nikawaambia habari za Kamau, na karibu wote huuliza, "Kamau nani?" Kana kwamba mimi ndiye niliyelificha jina la baba yake.

Halafu kuna wa tatu, na huyo haulizwi kabisa.

Machi 1975, mchungaji Mmaasai aliukuta mwili wa mtu kichakani katika vilima hivi. Alikuwa ameuawa na kuharibiwa ili asitambulike. Ulipelekwa mochari ya jiji, ukakaa siku kadhaa bila jina huku ikisemwa kwamba mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, JM, yuko Zambia. Hakuwa Zambia. Mara ya mwisho alikuwa ameonekana tarehe 2 mwezi huo akitoka hoteli ya Hilton na maofisa wa usalama. JM alikuwa amefungwa kambini na Wakoloni miaka ya Dharura, wakati wa Mau Mau, akawa katibu wa Mzee Kenyatta, kisha akawa mtu wa kuisema serikali hadharani, kwamba hatukupigania uhuru ili tupate nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Bunge liliunda kamati teule, ripoti ikatoka, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale.

Alizikwa Gilgil, nyumbani kwake, na hilo ni sawa. Lakini hapa alipotupwa? Nimepita njia zote ninazozijua, kutoka kwenye mitambo hadi Kona Baridi, sijaona hata kibao cha mbao. Vijana wanapiga picha wakiwa wameruka juu, mikono imetanuliwa, na hakuna wa kuwaambia ni mlima gani wanaurukia. Nasema hivi bila kuwalaumu. Mimi mwenyewe shuleni nilifundishwa urefu wa Lamwia na aina za miti. Habari za JM nilizipata nyumbani, kwa cucu, bibi yangu, tena akiwa amepunguza sauti, na Moi alikuwa ameshaondoka madarakani! Hofu nyingine hukaa kooni muda mrefu kuliko aliyeileta.

Jumapili nilimpelekea hoja yangu mzee mmoja jirani, mfugaji, ambaye mwaka ule alikuwa mvulana wa kuchunga ndama. Nilidhani ataniunga mkono. Nilikuwa nimeshapanga mpaka maneno: jina, tarehe, basi. Kibao kidogo tu, hata na cha Kamau kando yake.

"Mwanangu," akasema, "wewe unataka jiwe. Mawe si yako tele huko juu?"

Nikamwambia nataka lenye jina.

"Likiwa na jina, mwezi ujao lina uzio. Uzio ukija, anakuja kijana na kitabu cha risiti. Si umeona kwa yule Mzungu mnavyolipa? Sasa mbuzi wangu watapita wapi?"

Nikasema watoto watasahau. Akanijibu kwamba wake hawajasahau, kwa sababu aliwapeleka wakiwa wanachunga, akawaonyesha kwa fimbo, na kazi hiyo hakuikabidhi jiwe. Nikamuuliza, na watoto wa Nairobi wanaokuja Jumamosi, wasiochunga chochote, nani atawaonyesha kwa fimbo? Hapo alinyamaza kidogo, akaita chai.

Hatukukubaliana. Amesema wiki ijayo nipande naye, na nisivae viatu vile vyeupe. Kuhusu kibao, masharti yake ni mawili: kisiwekwe uzio, na kiandikwe Kimaasai pia, maana aliyemkuta alikuwa Mmaasai. La pili nimelikubali papo hapo. La kwanza haliko mikononi mwangu, na yeye analijua hilo vizuri zaidi yangu.