Lapi haijui pakruok

Hizi siku naskiza sana muziki wa kuchanganya sauti za watu na kompyuta, ule wa watunzi wa klasiki, na usiku silali vizuri kwa sababu yake. Ya mtunzi Mwingereza Jonathan Harvey ya 1980, Mortuos Plango, Vivos Voco, nimeirudia hadi hedifoni zinaniuma masikio. Jamaa alichukua mlio wa kengele nzito ya kanisa kuu la Winchester kule Uingereza na sauti ya kijana wake aliyekuwa kwaya hapo hapo, akaenda navyo IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki pale Paris, kompyuta ikachambua kengele mpaka zile noti zilizojificha ndani ya mlio, halafu akavisuka hivyo viwili mpaka kuna mahali hujui ni shaba inaimba ama ni mtoto. Mimi naimba besi kanisani, najua koo la mtu, lakini hapo nilipotea.

Na kabla mtu aniambie hii ni mambo ya wazungu, mtunzi wa Misri Halim El-Dabh alikuwa Cairo 1944 na mashine ya kurekodi kwa waya, akarekodi sherehe ya zaar, ile ya kutuliza pepo, akazigeuzageuza zile sauti, miaka minne kabla Pierre Schaeffer atoe muziki wake wa sauti za kurekodiwa kule Ufaransa. Basi.

Sasa shida yangu ni zile za mtu kuimba laivu juu ya kanda. Mfano Philomel ya Mmarekani Milton Babbitt, 1964, soprano mmoja jukwaani na kanda yenye sauti ya mwanamke na sintesaiza. Tamu, sikatai, lakini kanda haingoji mtu, ukichelewa kuvuta pumzi imekuacha steji kama matatu ya Kondele.

Nilimpelekea jaduong' mmoja, mzee wa hapa Kisumu anayepiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, nikawasha sauti nilizotengeneza kwa lapi, laptop yangu, apige juu yake. Akapiga kidogo, nyuzi zote nane, kidole cha mguu kikigonga oduong'o, ile pete ya chuma, kwa mbao ya nyatiti na gara, njuga za mguuni, zikilia, halafu akanyamaza, lapi ikaendelea peke yake. Akaniangalia. "Nyathina, mtoto wangu, huyu wako haskii. Mtu akisimamisha ngoma atoe pakruok, huyu atafanya nini?"

Wueh. Sikuwa na jibu, kwa sababu pakruok ndiyo muziki wenyewe, mtu anatoa pesa, ngoma inasimama, anajisifu na kusifu rafiki zake mpaka atosheke, ndio mnaendelea. Itachukua muda gani? Hakuna anayejua, na kanda lazima ijue.

Ndio nikaingia kwa zile za kompyuta inayoskiza. Mtunzi Mfaransa Philippe Manoury alifanya Jupiter 1987, filimbi moja, na Miller Puckette akaandika programu inayomfuata mpigaji noti kwa noti, akipunguza mwendo nayo inapunguza. Huyo huyo Puckette baadaye akatoa Pure Data, programu ya kutengeneza sauti, ni ya bure, na inakubali hata hii lapi yangu ya mtumba. Nimeipanga iskize oduong'o peke yake, mguu ukinyamaza nayo inyamaze. Inafanya kazi vizuri mpaka boda ipite nje, hapo inadhani jaduong' ameongeza kasi.

Nimemwambia nitarudi na maiki ya kubandika kwa mbao. Amekubali, ila anataka kujua mtu akitoa pesa ya pakruok, lapi inagawiwa ngapi.