Hemchandra Barua na ugomvi wa tahajia

Wanaotaka kutunga kamusi ya Kiswahili cha hapa Lubumbashi, Kongo, kwa kawaida hukimbilia kukusanya maneno. Kinachoua kazi hiyo ni tahajia, na hakuna aliyekabana nayo kama Hemchandra Barua wa Assam, kaskazini-mashariki mwa India.

Alizaliwa 1835. Alikuwa bado mtoto Waingereza walipokifanya Kibengali kuwa lugha ya mahakama na shule za Assam, wakidai Kiassam, lugha ya wenyeji, ni lahaja tu ya Kibengali. Hali hiyo ilidumu hadi 1873. Sisi tunaoambiwa kila siku kwamba Kiswahili chetu "si Kiswahili" tunaijua hoja hiyo.

Wamisionari Wabaptisti kutoka Marekani walikitetea Kiassam kwa jarida lao Orunodoi, lililoanza 1846 mjini Sibsagar. Mmoja wao, Miles Bronson, alichapisha kamusi ya maneno kama 14,000 mwaka 1867, tahajia ikifuata matamshi. Hapo ugomvi ukawaka. Kiassam kina herufi tatu zilizorithiwa za jamii ya "s", lakini mdomoni zote zimekuwa sauti moja, inayokaribia "kh". Ukiandika kwa sikio, herufi moja inatosha na mtoto anajua kusoma upesi. Lakini maneno ya asili tofauti hugongana kwenye ukurasa, na aliyezoea Kisanskriti, lugha ya kale ya India, huona makosa kila mstari.

Barua alishika njia nyingine: neno la Kisanskriti libaki na herufi zake za Kisanskriti. Gharama ilikuwepo, maana kwa tahajia hiyo Kiassam kikaonekana karibu zaidi na Kibengali, jirani yule yule aliyetaka kukimeza. Hata hivyo upande wake ndio ulioshinda. Kamusi yake, Hemkosh, yenye maneno 22,346, ilitoka 1900, miaka minne baada ya kifo chake, chini ya usimamizi wa ofisa Mwingereza P. R. Gurdon na msomi wa Assam Hemchandra Goswami.

Na hakuwa mtu wa kamusi tu. Alitunga sarufi, tamthilia ya kuwakejeli walaji wa kasumba, yaani afyuni (Kaniyar Kirtan, 1861), na masimulizi ya kuwasuta wanafiki wa dini. Tahajia yake ilifanya kazi ndani ya maandishi yanayosomwa, jambo ambalo watunga kamusi wengi hulisahau.

Kwetu, tatizo lake linarudi kwenye maneno ya Kifaransa. Daftari liandikwe "cahier" au "kaye"? Ukibadili msimamo katikati, rundo zima la kadi za maneno linahama kutoka C kwenda K, na vielekezi vyote vya "tazama" vinaharibika. Kwa hiyo kanuni iandikwe kwanza, kwenye ukurasa mmoja, ijaribiwe kwa maneno 200 hivi, ndipo kadi zianze. Kila kadi iwe na neno, wingi wake, asili, maana, na sentensi moja iliyosikika sokoni au kwenye basi, iandikwe ilivyosemwa: "banaenda", si "wanaenda". Vitenzi viingizwe kwa mzizi, la sivyo nusu ya kamusi itajazana chini ya "ku-".

Kwa Kifaransa ningemfuata Bronson: kaye, chini ya K, asili ikitajwa pembeni. Kwa maneno ya Kibemba na Kiluba sikio halitoshi, kwa sababu lugha hizo zina tahajia zao zilizokwisha kuchapishwa, na wasemaji wake watakuja kudai zifuatwe.